Steve Biko: kijana aliyeuawa mikononi mwa polisi wa makaburu

Steve Biko alizaliwa mwaka 1946 katika jimbo la Cape, Afrika Kusini. Akiwa mwanafunzi wa udaktari mjini Durban, aliongoza kuundwa kwa SASO, chama cha wanafunzi weusi. Aliamini kuwa mtu mweusi hawezi kuushinda ubaguzi wa rangi kabla hajaacha kujidharau.

Mwaka 1973 serikali ya makaburu ilimpiga marufuku kutoka eneo la King William's Town na kuhutubia watu. Hata hivyo, mawazo yake yaliwafikia vijana wa Soweto, walioandamana Juni 1976 na kumiminiwa risasi.

Agosti 1977 Biko alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani. Akiwa mahabusu alipigwa hadi akaumia ubongo, kisha akasafirishwa uchi nyuma ya gari, zaidi ya kilomita 1,000, hadi Pretoria. Alifariki Septemba 12, akiwa na miaka 30. Waziri wa polisi alidai kuwa Biko alikuwa amegoma kula.

Wanadiplomasia wa Magharibi walihudhuria mazishi yake. Lakini Oktoba 31, katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Marekani, Uingereza na Ufaransa zilitumia kura ya turufu kuzuia vikwazo vya uchumi. Siku nne baadaye zilikubali marufuku ya silaha pekee. Biashara iliendelea. Bunge la Marekani lilipitisha vikwazo vizito vya uchumi mwaka 1986, miaka tisa baada ya Biko kuzikwa.