Nikola Tesla: Mhamiaji Aliyetuachia Rimoti

Jumamosi moja, mwisho wa muhula, tulikusanyika nyumbani kwa ndugu mmoja kula pilau. Mwenyeji wetu alikuwa amenunua vihelikopta viwili vya kuchezea, vile vya bei poa vinavyoenea kwenye kiganja. Akaviwasha vyote, kimoja akakiweka mezani, kingine sakafuni, halafu akashika rimoti moja. Basi, cha mezani kilipopaa, cha sakafuni nacho kikapaa! Kikagonga pazia, kikazunguka kama kilevi, kikatua kwenye bakuli la kachumbari. Tulicheka mpaka machozi. Kuna aliyesema eti kina jini.

Hakukuwa na jini, ndugu zangu. Vyote viwili vilikuwa vinasikiliza ishara ya aina moja, kwa hiyo amri ya mmoja ikawa amri ya wote. Siku ile nilirudi chumbani nikaanza kusoma habari za rimoti, nikajikuta nasoma maisha ya mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina tu, Nikola Tesla. Huyu bwana alitengeneza chombo cha kuongozwa kwa mawimbi ya redio mwaka 1898, na tatizo la vihelikopta vyetu alilitafutia dawa miaka michache baadaye. Isitoshe, alikuwa mwanafunzi mgeni ugenini kama sisi, na mengi yaliyompata tunayajua.

Mtoto wa mchungaji na mbawakawa wake

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kiko nchi ya Croatia. Zama hizo kilikuwa chini ya milki ya Austria. Wazazi wake walikuwa Waserbia. Baba alikuwa kasisi wa kanisa la Orthodox. Mama hakwenda shule, lakini alikuwa na mikono ya dhahabu, alijitengenezea vifaa vya nyumbani na alikariri mashairi marefu kwa kichwa tu. Tesla mwenyewe alipenda kusema kwamba kipaji cha ugunduzi alikirithi kwa mama.

Utotoni alikuwa mtundu. Mara moja alipanda juu ya paa na mwavuli akaruka, akidhani utamwelea kama ndege. Alianguka vibaya akalala kitandani kwa muda mrefu. Mara nyingine alikamata mbawakawa wanne akawabandika kwenye vijiti vilivyopangwa msalaba juu ya kijiti kingine chembamba. Wadudu walipopiga mbawa, vijiti vikazunguka, na yeye akapata mashine ya kwanza maishani mwake. Mradi huo ulikufa pale mtoto mmoja wa jirani, mwana wa afisa mstaafu wa jeshi, alipoanza kuwala wale mbawakawa wazima wazima. Tangu hapo Tesla hakutaka tena kugusa mdudu.

Baba alitaka kijana awe kasisi. Mwaka 1873 Tesla akaugua kipindupindu, akawa hoi kabisa. Pale kitandani akamwomba baba amruhusu asomee uhandisi akipona. Baba, aliyekuwa ameshampoteza mtoto mwingine wa kiume, akakubali. Tesla akapona.

Mwanafunzi aliyeshindwa kumaliza

Mwaka 1875 aliingia chuo cha ufundi cha Graz, Austria, kwa msaada wa masomo. Mwaka wa kwanza alikuwa moto wa kuotea mbali. Siku moja profesa wa fizikia aliwaonyesha mashine ya umeme iliyokuwa ikitoa cheche nyingi, na Tesla akasema huenda ingewezekana kuondoa kile kipande kinacholeta cheche. Profesa alitumia somo zima kueleza mbele ya darasa kwa nini wazo hilo ni ndoto tu. Fikiria wewe umekaa pale.

Baadaye mambo yakaharibika. Msaada wa masomo ulikatika, akaanza kucheza kamari, ada ikaishia mezani. Mwaka 1878 akaondoka Graz bila shahada, na mwaka uliofuata baba yake akafariki. Nayasema haya kwa sababu katika jumuiya zetu mwanafunzi akikwama huwa anajificha, hapokei hata simu ya nyumbani. Tesla naye alijificha, akakata mawasiliano na ndugu zake.

Lakini lile wazo halikumtoka. Mwaka 1882, akiwa Budapest, alipokuwa akitembea bustanini na rafiki yake, jibu likamjia ghafla: badala ya kuzungushia sumaku vipande vya chuma, zungusha nguvu yenyewe ya sumaku kwa kutumia mikondo geu ya umeme inayopishana. Hakuna cheche, hakuna cha kukwaruzana. Mota nyingi zinazoendesha pampu na viwanda leo zinafuata wazo hilo.

New York, mfuko mtupu

Mwezi Juni 1884 alishuka New York akiwa na senti 4 mfukoni, mashairi kadhaa aliyoyaandika, na hesabu za chombo cha kuruka angani alichokuwa akikiota. Yaani hata kabla ya kula alikuwa anawaza kupaa.

Alipata kazi kwenye kampuni ya Thomas Edison. Kwa maelezo yake mwenyewe, meneja alimwahidi dola 50,000 akiweza kuboresha mitambo, naye akakesha miezi akaiboresha, kisha akaambiwa ahadi ile ilikuwa mzaha wa Kimarekani. Akaacha kazi mwaka 1885. Wafadhili wengine wakamfungulia kampuni yenye jina lake, na taa zilipokwisha kuwaka wakamtoa nje mikono mitupu. Mhandisi mzima akawa anachimba mitaro New York kwa dola 2 kwa siku. Wale wetu wenye digrii wanaoosha vyombo usiku wanaelewa.

Mambo yalimgeukia mwaka 1888. Alipata hataza za mota yake, na tajiri George Westinghouse akanunua haki za kuzitumia. Mwaka 1891 akawa raia wa Marekani. Mwaka 1893 umeme wa mkondo geu uliangaza maonyesho makubwa ya Chicago, na mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo. Katikati ya sifa hizo, mwezi Machi 1895, maabara yake iliungua na karibu kila kitu ndani yake. Akaanza upya.

Kimashua kilichojibu maswali

Sasa tufike kwenye rimoti yenyewe. Mwaka 1898 Marekani ilikuwa vitani na Hispania, na New York kulikuwa na maonyesho ya vifaa vya umeme katika ukumbi wa Madison Square Garden. Historia nyingi zinasimulia kwamba hapo ndipo Tesla alipowaonyesha watu kimashua cha chuma, urefu wake kama mita 1.2, kikielea kwenye bwawa dogo. Hakikuwa na waya wala kamba. Tesla alisimama pembeni na kisanduku chenye swichi, na kimashua kikaenda, kikakata kona, kikasimama, kikawasha taa.

Watazamaji hawakuelewa kitu. Redio yenyewe ilikuwa changa, watu wengi hawajawahi kuisikia. Tesla naye alipenda mchezo, akawaruhusu kukiuliza kimashua maswali. Kilipoulizwa kipeuo cha tatu cha 64, taa ziliwaka mara 4. Bila shaka mjibuji alikuwa Tesla na swichi yake.

Kilifanyaje kazi? Ndani kulikuwa na betri, mota ya pangaboi, mota ya usukani, na kichupa kidogo chenye chembe za chuma. Kwa kawaida chembe zile hazipitishi umeme vizuri. Wimbi la redio likifika zinashikana, umeme unapita, na hapo kijisahani chenye meno kinasogea hatua moja. Hatua ya kwanza usukani kushoto, inayofuata simama, inayofuata kulia, halafu tunarudi mwanzo. Kila baada ya ishara kichupa hupinduliwa ili chembe ziachane na kusubiri amri nyingine. Kama umewahi kuwa na kigari cha rimoti yenye kitufe kimoja tu, ambacho ili kwenda kulia lazima upitie kwanza kushoto, basi umeushika ufundi wa mwaka 1898. Hata wapenzi wa vindege vya kuchezea wa miaka ya 1950 walitumia utaratibu wa hatua kama huo, ukisukumwa na mpira uliosokotwa.

Hataza namba 613,809 ilitolewa tarehe 8 Novemba 1898. Tesla alisimulia kwamba ofisi ya hataza haikuamini, ikabidi mkaguzi mkuu aje kushuhudia kwa macho. Aliongeza kwamba ofisa mmoja wa Washington alipoelezwa habari hizo aliangua kicheko.

Tesla alijua pia hatari ya adui au mpita njia kukiingilia chombo kwa mawimbi yake. Katika hataza mbili alizopewa mwaka 1903 alieleza dawa: chombo kisitii mpaka kisikie ishara mbili tofauti kwa pamoja, mfano wa kufuli yenye funguo mbili. Laiti kachumbari yetu ingekuwa na ulinzi huo!

Ndoto na deni

Kumbuka kwamba kimashua kile hakikuwa cha kuchezea. Tesla alikitaka kiwe silaha ya kutisha kiasi kwamba mataifa yangeona vita havina maana tena. Mataifa hayakukinunua, na miaka 17 ya hataza ilikwisha mwaka 1915 karibu bila mtu kuitumia.

Fedha nazo zilimkimbia. Mwaka 1901 tajiri J. P. Morgan alimpa dola 150,000 ajenge mnara wa Wardenclyffe, Long Island, wa kupeleka ujumbe bila waya. Tesla akataka kupeleka na umeme wenyewe, gharama zikapanda, Marconi akamtangulia kuvusha ishara Atlantiki, na Morgan akakataa kuongeza hata senti. Mnara ukabomolewa mwaka 1917. Mzee akaishi hotelini, akihama moja baada ya nyingine na kuacha madeni, akilisha njiwa. Hakuoa. Alifariki peke yake tarehe 7 Januari 1943 katika chumba namba 3327 cha hoteli ya New Yorker, akiwa na miaka 86.

Wakati anafariki, wazo lake lilikuwa limeshapaa. Mwigizaji wa Hollywood Reginald Denny, Mwingereza aliyependa vindege vya kuchezea hadi akafungua duka lake, alikuwa na kampuni iliyolitengenezea jeshi la Marekani maelfu ya ndege ndogo za rimoti za kujifunzia shabaha. Kichezeo kikawa kifaa cha vita, na baada ya vita kikarudi tena kuwa kichezeo.

Leo je? Tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani zimekuwa zikidondosha damu kwa miavuli kwenye hospitali za Rwanda, mahali ambapo gari lingechelewa milimani. Ng'ambo tu ya mpaka, mashariki ya Congo, droni zimetumika kupiga watu. Tesla alidhani mashine ya kutisha italeta amani yenyewe, na hapo, kwa heshima zote, mzee alikosea. Rimoti hufuata mkono unaoishika.

Kati yetu wapo wanaosomea uhandisi, na baadhi yao tayari wanaunda droni zao kwenye mabweni. Mkimaliza kucheza, hebu fikirieni zahanati ya kwenu isiyo na damu. Na yule ndugu yetu aliyeacha chuo muhula uliopita na hapokei simu, tafadhali mmoja wetu amfuate. Pilau ipo.