Desaguliers, mtoto wa pasta mkimbizi



Jioni kisha masomo, wakati taa inataka kuzimwa katika chumba cha kulala, kuna neno moja linalorudi mara mingi: framasoni. Mmoja anasema kama ni watu wanaouza roho zao kwa kupata feza. Mwingine anasema ni wakubwa wanaokutana usiku kwa kupanga mambo ya dunia. Lakini ukiuliza ni nani aliyesoma habari zao hata ukurasa moja, kila mtu anakaa kimya.

Kwa hiyo nimeona vema niwaeleze maisha ya mtu mmoja aliyefanya kazi mingi sana kwa kusimamisha kile chama. Sitaki kumwita mtu aingie, wala sitaki kumwogopesha mtu. Nataka tu tujue tunasema juu ya nini. Na munajua, yule mtu alikuwa mtoto wa pasta, yeye mwenyewe alikuwa pasta, na tena alikuwa mwalimu wa fizikia. Jina lake Jean Théophile Desaguliers. Waingereza walimwita John Theophilus.

Mtoto wa kukimbia

Desaguliers alizaliwa tarehe 12 Machi 1683 katika Ufaransa, mji wa La Rochelle, kando ya bahari. Mji ule ulijulikana tangu zamani kuwa mji wa Waprotestanti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa lao.

Mtoto alikuwa hajafika miaka mitatu wakati mfalme Louis wa 14 alipofuta sheria ya Nantes. Ile sheria ilitolewa na babu yake, mfalme Henri wa 4, mwaka 1598, na iliwapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu. Mwezi wa Oktoba 1685 ruhusa ikaisha. Makanisa yao yakabomolewa. Wachungaji waliokataa kugeuka walipewa siku 15 tu kwa kutoka katika inchi. Lakini waumini wa kawaida walikatazwa kutoka. Mwanaume aliyekamatwa njiani alipelekwa kuvuta makasia katika meli za mfalme, akifungwa minyororo. Hata hivyo watu karibu na 200,000 walitoroka.

Baba Desaguliers alikimbilia Guernsey, kisiwa cha Waingereza karibu na Ufaransa. Wanasimulia kama mtoto alifichwa ndani ya pipa ili askari wa bandari wasimwone, na pipa likapandishwa melini pamoja na mizigo ingine. Labda hadithi ile imeongezwa chumvi kidogo. Lakini sisi hapa, neno mkimbizi halihitaji kuelezwa. Wako kati yetu ambao mama zao waliwabeba mgongoni usiku, wakiwaziba kinywa wasilie. Tunaweza kuamini pipa.

Kisha miaka kadhaa familia ilifika London. Baba alifungua shule ndogo pale Islington, na kijana akamsaidia kufundisha. Mwaka 1699 baba akafa. Kijana alikuwa na miaka 16, katika inchi ya wengine, bila mali. Kitu alichobaki nacho ni masomo. Akasoma kwa bidii mpaka mwaka 1705 akapokelewa katika koleji ya Christ Church, kwenye chuo kikuu cha Oxford.

Mwalimu wa kuonyesha kwa macho

Pale Oxford alimkuta mwalimu John Keill, ambaye alikuwa anafundisha fizikia ya Newton kwa kufanya majaribio mbele ya wanafunzi. Hii ilikuwa kitu kipya, kwa sababu wengine walikuwa wanasoma tu vitabu vya zamani kwa sauti. Keill alipoondoka, yule mkimbizi akashika kazi yake. Mwaka 1710 akawekewa mikono kuwa shemasi wa kanisa la Uingereza. Mwaka 1712 akaoa Joanna Pudsey, na mwaka uliofuata wakahamia London.

Mwaka 1714 alipokelewa katika Royal Society, chama cha wataalamu wa Uingereza, ambacho Newton mwenyewe alikuwa mkuu wake. Desaguliers akawa mtu wa kutengeneza na kuonyesha majaribio mbele ya wenzake. Mwaka 1719 walipanda juu katika kanisa kubwa la Saint Paul, futi 272 toka chini, ni kusema metre karibu na 83. Wakaangusha mipira ya risasi na vibofu vya nguruwe vilivyojaa hewa, wakipima saa ya kila kimoja kufika chini. Walitaka kujua namna gani hewa inazuia kitu kinachoanguka. Newton alitia majaribio yale katika kitabu chake kikubwa.

Nyumbani kwake, katika njia ya Channel Row, kulikuwa kama labo yetu, lakini kubwa zaidi: pampu, mizani, kapi, vioo, mashine ya mvuke. Alifundisha kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa Kilatini. Watu wasiojua hesabu waliweza kumfuata, kwa sababu alikuwa anaanza na chombo, kiisha anaeleza. Katika mwaka 1734 alikuwa ameanza mfululizo wa masomo yake wa 121. Royal Society ilimpa medali ya Copley mara tatu: 1734, 1736 na 1741. Na ninyi wa fizikia, munapoandika katika daftari neno la Kifaransa conducteur kwa kitu kinachopitisha umeme, mujue kama ni yeye aliyeanza kutumia neno lile, katika Kiingereza, kwa maana hiyo.

Ndani ya loji

Sasa tufike kwa jambo letu. Zamani, katika Uingereza na Scotland, mafundi wa kujenga makanisa kwa mawe walikuwa na vikundi vyao vilivyoitwa loji. Walifundishana kazi, walisaidiana wakati wa ugonjwa, na walikuwa na alama za siri za kujuana. Kidogo kidogo watu wasiokuwa mafundi waliingia: wenye vyeo, wafanya biashara, wataalamu. Nyundo na bikari zikabaki kama mifano ya kufundisha mwenendo mwema. Kwa desturi wanasema kama tarehe 24 Juni 1717 loji nne za London ziliungana na kufanya Loji Kuu. Watafiti wa siku hizi wanabishana juu ya ule mwaka. Desaguliers anahesabiwa kuwa Mkuu wa tatu, mwaka 1719. Kisha, mara kadhaa, alikuwa makamu wa Mkuu, na kweli makamu ndiye aliyebeba kazi.

Alifanya nini? Alileta mpango. Alivuta watu wa Royal Society na watu wa vyeo ndani ya loji, mpaka chama kilichokutana katika vilabu vya pombe kikapata heshima. Mwaka 1721, mji wa Edinburgh ulipomwita kwa shauri la mifereji ya maji, alitembelea pia loji ya pale. Mwaka 1723 kitabu cha sheria za chama kilitolewa. Aliyekiandika ni James Anderson, mchungaji wa Kipresbiteri toka Scotland. Desaguliers aliandika maneno ya mbele ya kukitoa kwa mtawala mmoja mkubwa. Alihangaikia pia sanduku la msaada kwa ndugu waliopatwa na umaskini. Mwaka 1731 katika mji wa The Hague aliongoza kumwingiza Francis wa Lorraine, ambaye baadaye alikuwa Kaisari. Mwaka 1737 aliongoza kumwingiza Frederick, mtoto wa mfalme wa Uingereza.

Katika zile sheria kulikuwa na jambo lililoshangaza watu wengi. Mtu hakuulizwa kama ni wa kanisa gani. Aliulizwa tu kuwa mtu mwema na mkweli. Na ugomvi juu ya dini na juu ya utawala ulikatazwa kuingia mlangoni. Mwaka 1738 Papa Clement wa 12 alikataza Wakatoliki kuingia framasoni. Kati ya sababu zake ilikuwa ile siri, na ule mchanganyiko wa watu wa dini mbalimbali.

Juu ya nini mchungaji alipenda chama kile namna hii? Naona jibu liko La Rochelle. Mtu ambaye majirani walimfukuza kwa sababu ya namna ya kusali, si ajabu atafute meza moja ambapo Mkatoliki, Mwanglikana na Mpresbiteri wanaweza kukaa bila kushikana shingo.

Mlango ulikuwa mwembamba

Lakini hatuwezi kumsifu tu. Kwanza, kazi ya kanisa aliifanya kwa mkono wa kushoto. Mtawala wa Chandos alimpa kanisa karibu na jumba lake la Cannons, na watu wa pale walinung'unika kama mchungaji haonekani. Alikuwa London, katika labo au katika loji. Wachungaji wenye kazi mbili au tatu, tunawajua hata leo.

Pili, na hili ni zito zaidi, ile meza ya undugu haikuwa ya wote. Sheria za 1723 zilisema wazi: wanawake hapana, watumwa hapana, na mtu lazima awe amezaliwa huru. Wakati uleule meli za Waingereza zilikuwa zinabeba watu wetu. Mtawala wa Chandos, mfadhili wake Desaguliers, alitia feza mingi katika Royal African Company, kampuni iliyouza Waafrika. Kampuni ile ilijaribu hata kuweka ngome Cabinda, karibu na mdomo wa mto Kongo, mpaka Wareno wakaibomoa mwaka 1723. Angalieni ule mwaka: ni uleule wa kitabu cha undugu. Mtoto aliyefichwa kati ya mizigo ili apate uhuru, alipokuwa mkubwa alikula kwa mtu ambaye feza yake ilifanya watu kuwa mizigo. Sikuta mahali popote anapouliza neno juu ya jambo lile.

Wengine waliuliza kwa niaba yake. Mwaka 1775, kule Boston, Mweusi mmoja jina lake Prince Hall na wenzake 14 waliingia framasoni kwa njia ya loji ya askari. Mwaka 1784 London iliwapa barua ya kuanzisha loji yao ya Kiafrika. Prince Hall aliandika mbele ya wakubwa wa Massachusetts kwa kudai mwisho wa utumwa. Na mwaka 1847, kisha watumwa wa makoloni ya Uingereza kuwekwa huru, Loji Kuu ya Uingereza ilibadilisha sheria: si lazima tena mtu awe amezaliwa huru, inatosha awe mtu huru. Ilichukua miaka 124.

Mwisho wake

Uzee wa Desaguliers haukuwa mwepesi. Alipata watoto saba, wawili tu wakakua: mmoja akawa mchungaji, mwingine, Thomas, akawa mkubwa wa jeshi la mizinga. Miguu yake ilimuuma sana kwa ugonjwa wa maungo. Halafu Bunge likaamua kujenga daraja la Westminster juu ya mto Thames. Fundi mkubwa wa daraja, Charles Labelye wa Uswisi, alikuwa rafiki yake na tena ndugu wa loji. Lakini njia ya kwenda darajani ilipita Channel Row, na nyumba yake, pamoja na ile labo, ikabomolewa. Kwa mara ya pili katika maisha yake akafunga mizigo. Alihamia katika nyumba ya kahawa ya Bedford pale Covent Garden, na akaendelea kufundisha humo mpaka karibu na kufa.

Alikufa tarehe 29 Februari 1744, na akazikwa katika kanisa dogo la Savoy, London. Mwaka uleule kitabu cha pili cha masomo yake ya fizikia kilitoka. Mshairi mmoja alieneza habari kama alikufa maskini, bila kaburi. Si kweli, kaburi alipata, na wosia aliacha.

Basi, ndugu wanafunzi, kesho jioni neno framasoni likirudi katika chumba cha kulala, tuwe na kitu cha kusema kuliko hofu. Tuseme kulikuwa mkimbizi mmoja aliyejua kupima kila kitu: uzito wa risasi, nguvu ya mvuke, hewa ya kanisa la Saint Paul. Alijenga nyumba ya undugu, na ilikuwa kazi kubwa. Lakini upana wa mlango wake hakuupima. Na sisi tunaokaa hapa makabila mengi katika chumba kimoja, wenyeji na waliokimbia, wenye kulipa minervali na wenye kufukuzwa kila mwezi kwa kukosa kulipa, tunao pia mlango wetu. Tuupime.