Albert Howard: Mtaalamu aliyewageuza wakulima wa India kuwa walimu wake

Albert Howard alipoanza kazi katika kituo cha utafiti cha Pusa, India, mwaka 1905, jambo alilolipigania mapema ni shamba. Maabara peke yake haikumtosha. Hatimaye alipewa ekari 75 azilime atakavyo.

Alikuwa na sababu. Howard alizaliwa mwaka 1873 huko Shropshire, Uingereza, akiwa mtoto wa mkulima. Baada ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Cambridge alikwenda Barbados mwaka 1899 kuchunguza magonjwa ya miwa yanayosababishwa na kuvu. Kazi yake ilikuwa kuwashauri wakulima, lakini hakuwa na hata kipande cha ardhi cha kujaribia ushauri wake. Mkulima akifuata ushauri mbaya hupata hasara; aliyemshauri hupokea mshahara wake mwisho wa mwezi kama kawaida. Hali hiyo ilimkera Howard kwa maisha yake yote.

Kazi yake rasmi huko Pusa ilikuwa kuboresha mbegu. Yeye na mkewe Gabrielle, naye mtaalamu wa mimea, walizalisha aina za ngano zilizoenea katika maeneo mengi ya India. Lakini macho yake yalikuwa pia kwa majirani. Wakulima wa pale hawakuwa na dawa wala mbolea za viwandani, na bado mazao yao hayakushambuliwa sana na wadudu. Howard aliamua kuwachunguza: jinsi walivyochanganya nafaka na mbaazi, na jinsi walivyoipumzisha ardhi.

Hakuona mazuri tu. Sehemu kubwa ya samadi iliishia jikoni, kwa kuwa kuni zilikuwa haba. Mtaalamu wa udongo angeweza kuwakataza wakulima wasichome kinyesi cha ng'ombe, lakini chakula kingepikwa kwa nini? Tatizo la udongo lilikuwa pia tatizo la nishati, na pia la umaskini. Ndiyo maana Howard alichoka na mtindo wa kugawa utafiti vipande vipande, huyu mbegu, yule wadudu, mwingine udongo, kisha mkulima aachiwe kuviunganisha mwenyewe.

Mwaka 1924 alipata nafasi ya kufanya vingine alipoanzisha taasisi ya utafiti huko Indore, katikati ya India, kwenye ekari 300 za eneo la pamba. Zao lilichunguzwa pamoja na ardhi, maji, mifugo na takataka za shamba. Akishirikiana na mkemia Yeshwant Wad, alitengeneza njia ya mboji inayojulikana hadi leo kwa jina la Indore.

Njia yenyewe ililenga uhaba ule wa samadi. Tabaka la mabua, majani na magugu la inchi 6 hufuatiwa na samadi inchi 2, kisha hunyunyiziwa udongo wa zizini uliolowa mkojo, pamoja na majivu. Hivyo samadi kidogo hutosha kuozesha takataka nyingi za mimea. Lundo hutobolewa kwa mtaimbo ili hewa ipite, huwekwa unyevu bila kurowana chapachapa, na hupinduliwa kabla ya mboji kuwa tayari katika miezi mitatu hivi. Wakati wa mvua halikai shimoni, maana maji yakituama hewa inakosekana na lundo linanuka badala ya kuiva.

Howard alirejea Uingereza mwaka 1931, mwaka mmoja baada ya kifo cha Gabrielle, lakini njia hiyo ilikuwa imeanza safari zake. Februari 1933 shamba moja la kahawa huko Kiambu, karibu na Nairobi, lilianza kutengeneza mboji kwa utaratibu wa Indore. Howard, aliyekuwa akizuru Afrika, aliikuta kazi hiyo ikianza, bila kutarajia.

Kadiri miaka ilivyopita, msimamo wake ulizidi kuwa mkali. Mwaka 1940 alitoa kitabu chake mashuhuri kuhusu kilimo, akidai kwamba ardhi yenye rutuba hutoa mimea na mifugo isiyougua. Alisimulia jinsi ng'ombe wake wa India walivyogusana pua na ng'ombe wa jirani wenye ugonjwa wa miguu na midomo bila kuambukizwa. Simulizi hiyo isimfanye mfugaji aache chanjo, kwani virusi vya ugonjwa huo hushambulia hata mnyama aliyelishwa vizuri. Alizidisha pia alipozipinga mbolea za viwandani karibu moja kwa moja. Shamba linalouza magunia ya mazao kila msimu linauza na fosfati iliyomo, na takataka za shamba hilohilo haziwezi kuirudisha yote. Halafu kuna gharama ya kazi. Mboji ni nzito, na mkulima mwenye ekari mbili mbali na zizi huihesabu kwa mikokoteni na siku za vibarua.

Howard, aliyepewa cheo cha Sir mwaka 1934, alifariki dunia Oktoba 1947. Mjane wake, Louise, ambaye alikuwa mdogo wa marehemu Gabrielle, alitoa kitabu kuhusu kazi yake ya India mwaka 1953.