Katharine Hepburn: Walimkataa, akarudi na masharti yake

Umechoka na filamu za mapenzi ambapo dada anangoja tu kuokolewa? Tafuta Adam's Rib ya 1949. Mke na mume, wote mawakili, wanakabana kortini: mume anaongoza mashtaka, mke anamtetea mwanamke aliyemfyatulia mumewe risasi baada ya kumfumania. Jioni wanarudi nyumba moja, na hakuna anayenyamaza. Utamu uko hapo.

Wakili huyo mke ni Katharine Hepburn, mzaliwa wa Hartford, Marekani, 1907. Mamake alipigania haki ya wanawake kupiga kura, kwa hivyo usishangae mdomo wake.

Oscar ya kwanza aliipata kwa filamu ya 1933. Halafu mambo yakaenda segemnege. Mwaka wa 1938 wenye kumbi za sinema walimweka kwenye orodha ya mastaa wanaofukuza wateja.

Wewe ungefanyaje? Yeye alilipa pesa kujitoa kwenye mkataba wa studio ya RKO, akaenda New York kuigiza jukwaani katika The Philadelphia Story. Haki za kuifanya filamu alikuwa nazo mkononi. Hollywood ikiitaka stori, imchukue na yeye. Ikamchukua, na filamu hiyo ya 1940 ikavuma vibaya sana.

Baadaye alibishana na Spencer Tracy kwenye filamu tisa, na wakapendana kwelikweli. Alifariki 2003, miaka 96, Oscar nne za uigizaji bora kabatini.

Anza na hiyo ya mawakili wikendi hii.