Zhu Di, Mfalme Aliyetafuta Kibali cha Mbingu

Wachina wa kale waliamini kwamba ufalme si mali ya mtu. Yapata mwaka 1046 kabla ya Kristu, ukoo wa Zhou ulipouangusha ukoo wa Shang, ulitangaza kwamba Mbingu ndiyo impayo mtu ruhusa ya kutawala, nayo humwondolea akiwa mwovu. Njaa, mafuriko na radi vilihesabiwa kuwa karipio kwa mfalme. Wazee wa Bushi hawatashangaa, maana kwao pia mvua na mavuno vilimhusu Mwami. Lakini akionekana mnyama mpole aitwaye qilin, hiyo ilikuwa dalili kwamba mwenye haki ameketi enzini.

Imani hiyo ilikuwa ingali hai Zhu Di alipozaliwa mwaka 1360. Baba yake, mtoto wa wakulima maskini, aliwahi kuomba chakula njiani. Kisha akawa jemadari, na mwaka 1368 akaanzisha ukoo wa kifalme wa Ming. Alipokufa mwaka 1398 alimwachia kiti mjukuu wake, kwa kuwa mwanawe wa kwanza alikuwa amekwisha kufa. Zhu Di, aliyelinda mpaka wa kaskazini, akaasi mwaka uliofuata. Mwaka 1402 aliingia mji wa Nanjing. Jumba la kifalme likawaka moto, na yule kijana hakuonekana tena.

Zhu Di alimwamuru Fang Xiaoru, mtaalamu mwenye heshima kubwa, aandike tangazo la kutawazwa kwake. Fang alikataa kabisa. Akauawa, na pamoja naye ndugu na wanafunzi wake wengi. Utawala ulioanza hivyo ulipewa jina la Yongle, maana yake Furaha ya Daima!

Hata hivyo hakuwa mvivu wala mjinga. Wataalamu zaidi ya 2,000 walimkusanyia elimu ya kale katika juzuu 11,095. Alijenga upya Beijing, na kusini ya mji hekalu ambamo mfalme mwenyewe aliitolea Mbingu sadaka. Tena alituma merikebu za jemadari Zheng He katika bahari ya Hindi.

Ndipo mwaka 1415 wajumbe wa Malindi, katika pwani ya Waswahili, walipomletea twiga. Mwaka uliotangulia aliletewa mwingine kutoka Bengali, akakataa kupongezwa. Safari hii alitoka mwenyewe mpaka langoni. Mnyama ambaye watu wa nyika za Afrika humwona bila kushangaa, huko alipokewa kama qilin, na wakubwa wa nchi wakainama. Mfalme alisema sifa ni za marehemu baba yake. Wala hakumtaja mpwa wake.

Mwaka 1421 alifanya Beijing kuwa makao makuu. Mwezi wa Mei radi ikapiga jumba jipya, na kumbi tatu kubwa zikateketea. Kwa hofu aliwaagiza maofisa wamtajie makosa yake waziwazi. Xiao Yi alitii, akalaumu kuhamishwa kwa mji mkuu, akauawa.

Zhu Di alikufa mwezi wa Agosti 1424, akirudi kutoka vita vya Mongolia. Wake zake wadogo wengi waliuawa ili wamfuate kaburini, desturi ambayo ukoo wake uliikomesha mwaka 1464.