Giordano Bruno, mutu wa mbingu isiyo na mwisho

Wandugu wanafunzi, Bruno alizaliwa Nola, inchi ya Italia, mwaka 1548. Akaingia utawa, halafu mwaka 1576 akakimbia sababu ya mawazo yake. Kule Geneva, mwaka 1579, Waprotestanti wenzetu nao wakamufunga, sababu alichapisha makosa ya profesa mumoja. Mwaka 1584, akiwa London, akatoa kitabu: mbingu haina mwisho, kila nyota ni jua, na dunia ziko mingi. Mwaka 1592 wakamukamata Venezia. Karibu miaka munane wakamuuliza. Yeye akakataa kukana. Tarehe 17 mwezi wa pili 1600 wakamuchoma moto Roma. Hata leo wenye elimu hawajajua kama ulimwengu una mwisho. Basi, kuuliza si zambi.