Sheikh Abdulaziz al-Amawi: Kadhi, Mjumbe na Mtaalamu wa Lugha

Miongoni mwa wanasheria wa dola ya Zanzibar katika karne ya 19, Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi ana nafasi ya pekee. Alizaliwa Barawa, katika pwani ya Somalia ya leo, katika miaka ya 1830. Akiwa bado kijana alihamia Unguja, akasoma kwa Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, naye pia mwenye asili ya Barawa. Kabla hajatimiza miaka 20, Sayyid Said alimteua kuwa kadhi wa Kilwa. Baadaye akawa kadhi wa madhehebu ya Shafii mjini Zanzibar, chini ya watawala waliokuwa Waibadhi.

Zama hizo Zanzibar haikuwa na chombo maalumu cha kutunga sheria. Baraza la Kutunga Sheria liliundwa mwaka 1926, miaka 30 baada ya kifo chake. Sheria ilitokana na fikihi, hukumu za makadhi na amri za Sultani. Kwa hiyo, kadhi aliyeaminiwa alikuwa pia mshauri na mjumbe wa dola. Katika miaka ya 1880, Wajerumani walipokuwa wakidai ardhi ya bara, Sayyid Barghash alimtuma al-Amawi hadi Ruvuma.

Mchango wake katika Kiswahili haujazingatiwa ipasavyo. Alianza kutunga kamusi ya Kiswahili na Kiarabu, lakini hakuikamilisha. Aidha, alijitolea kumfasiria mmishenari Edward Steere Zaburi kutoka Kiarabu. Kazi hiyo haikuvuka Zaburi ya 16: shughuli za kadhi zilikuwa nyingi, na Steere aliiona lugha yake kuwa ya kitaalamu mno kwa waumini wa kawaida. Hata hivyo, alizichapisha Zaburi hizo kama kielelezo cha Kiswahili cha wanazuoni.

Uamuzi huo una uzito katika historia ya lugha. Kiswahili Sanifu, kilichoratibiwa na Kamati ya Lugha kuanzia mwaka 1930, kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ambayo Steere alikuwa ameieleza katika kitabu chake cha mwaka 1870. Lugha ya kitaalamu ya makadhi ilibaki pembezoni. Al-Amawi alifariki mwaka 1896. Maisha yake yanabainisha kwamba Kiswahili kilikuwa na wataalamu wake wenyewe kabla ya kusanifishwa, na kwamba historia ya usanifishaji inayowaacha nje haijakamilika.